Njia Inapopanuka Utosini

Simama karibu na dirisha mchana, gawa nywele katikati kama mtu anayetaka kusukwa, kisha mwombe mtu unayemwamini akupige picha ya utosi kutoka juu. Gawa njia nyingine kisogoni, nayo ipigwe picha. Zitazame zote mbili kwenye simu. Kama njia ya utosini ni pana kuliko ya kisogoni, na ngozi inaonekana mahali ambapo zamani haikuonekana, nywele zako zinapungua. Picha hizo usizifute. Ndizo zitakazokuambia miezi sita ijayo kama pesa zako zinafanya kazi au zinaliwa.

Na pesa zitataka kutoka haraka. Ndani ya wiki moja utakuwa umeshatajiwa mafuta, shampuu, vidonge vya kuotesha nywele, maji ya karafuu, juisi ya kitunguu, na namba ya simu ya mtu anayechoma sindano za kichwani. Wapo pia watakaokunong'oneza kuwa ni kijicho cha watu. Ushauri wangu ni wa kibahili: usinunue chochote mpaka ujue unasumbuliwa na upungufu wa aina gani, na usianze tiba ambayo hutaweza kuilipia mwaka wa tatu. Karibu kila tiba ya maana ya tatizo hili ni ya kuendelea nayo. Ukiiacha, faida yake inaondoka. Kwa hiyo bei ya chupa moja haikuambii kitu. Hesabu unayoihitaji ni ya miaka.

Kinachotokea kichwani

Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo laki moja, na kupoteza 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa. Kila unywele unakua kwa miaka miwili hadi sita, unapumzika kama miezi mitatu, unaanguka, na tundu lile lile linaotesha mwingine. Kwa mwanamke mwenye upungufu wa kurithi, mzunguko huu ndio unaoharibika. Muda wa kukua unafupika, tundu linasinyaa, na kila unywele mpya unatoka mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia, hadi mwisho unabaki malaika tu kama ule wa mkononi. Ndiyo sababu wengi hawaoni mafungu ya nywele yakidondoka bafuni. Wanachogundua ni kwamba kibanio kilichokuwa kikizunguka mara mbili sasa kinazunguka mara tatu.

Daktari Mjerumani Erich Ludwig aliupanga upungufu huu katika hatua tatu mwaka 1977, na mpangilio wake bado unatumika: njia inapanuka, kisha utosi wote unakuwa mwepesi, kisha ngozi inaonekana waziwazi, huku ukingo wa mbele juu ya paji la uso ukibaki mahali pake. Hapo ndipo mwanamke anapotofautiana na mwanamume, ambaye kipara chake huanza kwa kurudi nyuma kwenye paji. Homoni za kiume, ambazo kila mwanamke anazo kwa kiasi kidogo, zinahusika. Lakini wanawake wengi wenye tatizo hili wana homoni za kiwango cha kawaida kabisa, kwa hiyo majibu mazuri ya maabara hayakanushi unachokiona kwenye kioo.

Urithi unatoka upande wa mama na wa baba pia. Kwetu historia hiyo ni ngumu kuipata, maana bibi amefunga kilemba miaka arobaini na shangazi havui mtandio mbele ya watu. Muulize hata hivyo. Mkiwa peke yenu chumbani, mwambie, "Shangazi, nywele zangu zinapungua hapa juu, nawe ziliwahi?" Huenda ukapata jibu ambalo hakuna daktari angeweza kukupa.

Matatizo yanayofanana, tiba zisizofanana

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wanawake wa kwetu wanapopotezewa muda. Vitabu vingi vya nywele vimeandikwa kwa kutazama vichwa vya Wazungu. Juu ya kichwa cha mwanamke Mwafrika anayesuka, anayeweka dawa ya kulainisha, anayevaa wigi, matatizo mawili au matatu yanaweza kukaa pamoja, na kila moja lina tiba yake.

La kwanza ni nywele kunyofoka kwa kuvutwa. Hili linashika pembezoni: mbele ya masikio, kwenye paji, wakati mwingine kisogoni. Mara nyingi mstari mwembamba wa nywele fupi hubaki ukingoni kabisa, nyuma yake pakiwa peupe. Utafiti wa Nonhlanhla Khumalo na wenzake huko Cape Town ulilikuta kwa karibu theluthi moja ya wanawake watu wazima waliochunguzwa, na hatari ilikuwa kubwa zaidi pale nywele zilizowekwa dawa zilipokuja kusukwa na kuvutwa juu yake. Ukitoka kwa msusi na kichwa kinagonga, ukalazimika kumeza dawa ya maumivu ili ulale, au vipele vikaota kwenye mizizi, umeshaumia. Msuko mzuri hauumi. Likigunduliwa mapema, nywele hurudi ukiacha kuvuta. Likiachwa miaka, tundu linageuka kovu na hazirudi tena.

La pili ndilo linalonitisha, kwa kuwa linaanzia pale pale utosini na linafanana na upungufu wa kurithi hata kwa jicho la daktari asiyelizoea. Ni upara wa makovu unaoanza katikati na kutanuka kuelekea nje kwa umbo la duara. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani waliuita upara wa kitana cha moto, na kwa miongo mingi wanawake weusi waliambiwa wamejiletea wenyewe. Mwaka 2019 watafiti, akiwamo Ncoza Dlova wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wana mabadiliko katika jeni iitwayo PADI3, inayohusika na utengenezaji wa unywele wenyewe. Kwa hiyo huenda mtu anazaliwa na udhaifu huo, na mavuto na moto vinauchochea. Dalili zake ni nywele za utosi kukatika-katika zikiwa fupi, muwasho, hisia ya kuungua, ngozi kuuma ikiguswa. Baadaye ngozi inakuwa laini na ya kung'aa, bila vitundu. Tazama picha yako tena, uikuze. Katika upungufu wa kurithi vitundu vinaonekana na malaika wapo. Ukiona mng'ao usio na vitundu, au kama utosi unawasha na kuuma, acha kusoma habari za bei, ukamwone daktari wa ngozi mwezi huu huu. Kovu likishafunga tundu hakuna dawa ya kulifungua, na kazi ya tiba, ambayo ni vidonge na dawa za kutuliza uvimbe wa ndani, ni kuokoa zile zilizobaki.

La tatu halina madhara makubwa ingawa linatisha kuliko yote: nywele kudondoka kwa mafungu kichwa kizima, miezi miwili au mitatu baada ya kujifungua, homa kali, upasuaji, msiba mzito, au kujinyima chakula ili kupunguza mwili. Aghalabu linaisha lenyewe katika muda wa kama miezi sita. Kumbuka tu kwamba linaweza kufunua upungufu wa kurithi uliokuwa umejificha: zinazodondoka zinarudi, ila haziji zote na haziji nene.

Na kama ni mabaka ya duara yasiyo na nywele hata moja, au magamba na usaha, hilo ni jambo jingine kabisa. Laweza kuwa mapunye, laweza kuwa kinga ya mwili inayoshambulia nywele. Mwongozo huu haukuhusu.

Kwenda hospitali ukiwa umefumua

Daktari hawezi kusoma kichwa kilichosukwa. Fumua siku moja au mbili kabla, osha, usipake mafuta wala unga wa kufunika upara. Chukua picha zako, orodha ya kila dawa unayotumia, na utaje njia ya uzazi wa mpango. Baadhi ya sindano, vipandikizi na vidonge vina homoni zinazoweza kuongeza kupungua kwa nywele kwa mwenye asili hiyo. Usiiache kwa hasira. Kuna njia nyingine, na mabadiliko hayo yafanywe pamoja na mhudumu.

Wataalamu wa ngozi ni wachache kwetu, lakini wapo. Hospitali kubwa kama Muhimbili na Kenyatta zina kliniki za ngozi, na pale KCMC Moshi kuna kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho wahitimu wake wametawanyika katika nchi nyingi za Afrika. Kwa hiyo uliza hospitali ya mkoa au kaunti yako kabla hujapanda basi kwenda mji mkuu.

Utakayemwona atatazama kwa lenzi ndogo yenye taa, akitafuta nywele nene na nyembamba zilizochanganyika mahali pamoja. Hiyo ndiyo alama ya urithi. Akishuku makovu, anaweza kukata kinyama kidogo cha milimita nne kwa ganzi na kukipeleka maabara. Usiogope kipimo hiki. Ni mshono mmoja, na kinaweza kukuepusha na miaka ya dawa isiyo yako. Damu itapimwa wingi wake, akiba ya madini ya chuma na tezi ya shingo. Mwanamke anayevuja sana kwenye hedhi, labda kwa uvimbe wa kizazi, mara nyingi ana chuma kidogo bila kujua, na nywele ni miongoni mwa sehemu za mwanzo kunyimwa. Ukiambiwa chuma ni kidogo, usinywe chai ya rangi pamoja na vidonge wala chakula. Acha ipite saa moja, kwa sababu majani ya chai yanazuia chuma kisifyonzwe. Kama hedhi yako hairudi kwa mpangilio, una chunusi nyingi na ndevu kidevuni, taja hayo pia. Homoni zitapimwa, na huenda tatizo likawa kwenye vifuko vya mayai ya uzazi.

Minoksidili, dawa ya kuanzia

Tuseme umethibitishiwa kuwa ni upungufu wa kurithi. Dawa yenye ushahidi mkubwa ni minoksidili ya kupaka. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu. Wagonjwa wakaota nywele mahali wasipotarajia, na kampuni ya Upjohn ikaona biashara. Marekani iliiruhusu kwa vipara vya wanaume mwaka 1988, kwa wanawake ikiwa ya asilimia 2 mwaka 1991, na povu la asilimia 5 kwa wanawake mwaka 2014. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2016 yalikuta kwamba wanawake waliopata mafanikio ya kuonekana walikuwa karibu mara mbili miongoni mwa waliotumia minoksidili kuliko waliotumia dawa ya uongo. Hayakuona tofauti ya wazi kati ya asilimia 2 na asilimia 5. Kwa hiyo muuzaji akikusukumia kali zaidi kwa bei kubwa zaidi, huna sababu ya kukimbilia.

Ya maji ya asilimia 2 hupakwa mililita moja asubuhi na moja jioni. Chupa ya mililita 60 inaisha kwa mwezi. Povu la asilimia 5 hupakwa mara moja kwa siku, nusu kifuniko. Sasa chukua bei ya duka la dawa la mtaani kwako, zidisha kwa miezi 36, uitazame namba hiyo bila kujidanganya. Kama inakula ada ya mtoto, bora ujue leo. Nunua katika duka lililosajiliwa, chupa yenye lakiri na tarehe, kwani dawa za nywele zinaghushiwa sana.

Namna ya kuipaka ina maana kuliko watu wanavyodhani. Inakwenda kwenye ngozi. Kwenye nywele haina kazi. Gawa njia tatu au nne utosini, dondosha, sambaza kwa ncha ya kidole, nawa mikono. Nywele za asili zenye kipilipili hunywa dawa kabla haijafika chini, kwa hiyo kama unatumia ya maji, kitonyeshi kiguse ngozi. Huhitaji kuosha kichwa kila siku. Pilika hizo ndizo zinazowachosha wengi wakaacha. Ukitaka kusuka, chagua mistari iliyolegea yenye ngozi wazi katikati, upake humo humo. Iache ikauke saa mbili hadi nne kabla ya kulala, la sivyo inahamia kwenye mto, kutoka kwenye mto inahamia usoni, na malaika wa shavuni wanaanza kunenepa. Anayepaka mara moja kwa siku na kujistiri anaweza kuzoea kuipaka baada ya Magharibi, akiwa nyumbani kichwa wazi. Na kama unafuga paka, asilambe mikono yako wala kulalia mto wako. Minoksidili inaua paka.

Kisha yanakuja majaribu. Katika wiki za mwanzo, kati ya ya pili na ya nane, nywele zinaweza kudondoka zaidi. Dawa inaziharakisha zilizokuwa zimepumzika zitoke ili mpya zianze. Wanawake wengi hutupa chupa hapa hapa, wakisema imewamaliza. Vumilia hadi mwezi wa sita ndipo upige picha ile ile, dirisha lile lile, saa ile ile, kisha uamue. Mafanikio ya kwanza ni njia kuacha kupanuka. Ya pili, kwa baadhi, ni nywele kunenepa kidogo. Atakayekuahidi kichwa cha miaka kumi na minane anakuuzia kitu.

Ngozi ikiwasha sana na kutoa magamba, huenda ni kiyeyushi kilichomo kwenye maji. Jaribu povu, ambalo halina kiyeyushi hicho. Moyo ukienda mbio, miguu ikivimba au ukaona kizunguzungu, acha, umwone daktari. Haitumiki wakati wa ujauzito wala kunyonyesha. Kama unapanga mtoto mwaka huu, bora usubiri kuianza, kwa kuwa utaiacha katikati na kupoteza ulichovuna.

Vidonge, sindano na safari ya Istanbul

Siku hizi madaktari wa ngozi katika nchi nyingi wanatoa minoksidili ya kumeza kwa kipimo kidogo, kati ya miligramu 0.25 na 2.5 kwa mwanamke. Ni rahisi kuliko kupaka na huenda ikawa nafuu, lakini haikusajiliwa kwa kazi hiyo. Ndevu na malaika mwilini huongezeka kwa wengi, miguu inaweza kuvimba, na mwenye moyo au figo mbovu asiiguse. Usinunue kidonge cha presha cha miligramu 10 ukakikatakata kwa kisu jikoni kwako. Nimeona watu wakishauriana hivyo, na ni upuuzi hatari.

Spironolaktoni ni dawa ya kupunguza maji mwilini ambayo pia inazuia homoni za kiume. Inafaa hasa kwa mwenye chunusi na ndevu pamoja na nywele kupungua, na inataka miezi sita hadi mwaka kuonyesha kazi yake. Hedhi inaweza kuvurugika, matiti kuuma, presha kushuka, potasiamu kupanda. Kijusi cha kiume kinaweza kuathirika, kwa hiyo haitolewi kwa mwanamke anayeweza kushika mimba bila kinga ya uhakika. Finasteridi, ile ya wanaume, ilijaribiwa kwa kipimo cha miligramu moja kwa wanawake waliokoma hedhi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 hayakuonyesha faida. Vipimo vya juu zaidi vinatumika na baadhi ya madaktari kwa wanawake wa umri huo. Kijana asimeze, na mjamzito asishike hata kidonge kilichovunjika.

Sindano za damu zimekuwa fasheni Nairobi na Dar es Salaam. Unatolewa damu, inazungushwa kwenye mashine, majimaji yenye chembe sahani yanachomwa utosini, kwa kawaida mara tatu kila baada ya mwezi, halafu za kudumisha kila baada ya miezi kadhaa. Baadhi ya tafiti zinaonyesha faida, nyingine hapana, na kila kliniki inaandaa kwa namna yake. Kama una uwezo, si kosa kujaribu, lakini uliza gharama ya mwaka mzima wala si ya sindano moja, uone vifaa vipya vikifunguliwa mbele yako, na usikubali kazi hiyo ifanyike saluni. Kofia za mwanga wa leza zina ushahidi wa wastani, na bei yake inatosha kununua minoksidili ya muda mrefu. Sioni sababu ya kuanzia huko.

Upandikizaji umepata jina kwa sababu ya Istanbul, ambako wanaume wanarudi na bandeji kichwani. Kwa mwanamke hesabu ni tofauti. Nywele za kupandikiza zinatolewa kisogoni, na kwa wanawake wengi kisogo nacho kimepungua. Utahamisha umaskini kutoka chumba hiki kwenda kile. Nywele zetu pia zinajikunja ndani ya ngozi, chini kabisa ya mahali jicho linapoona, kwa hiyo mkono usiozoea unazikata mizizi wakati wa kuzitoa. Mwenye ngozi inayoota makovu ya kuvimba ajihadhari zaidi. Anayefaidika hasa ni yule ambaye pembezoni mwa uso mwake pameharibiwa na misuko zamani, ugonjwa umetulia, na kisogo chake ni kinene. Muulize daktari mpasuaji akuonyeshe kazi alizofanya kwenye nywele kama zako. Picha za Waturuki hazikuhusu.

Vya dukani na vya jikoni

Biotini inauzwa kila mahali. Upungufu wake ni nadra, na kwa asiyepungukiwa hakuna ushahidi wa maana kwamba inaotesha. Ina ubaya mwingine usioandikwa kwenye kopo: mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kwamba inavuruga baadhi ya vipimo vya damu, kikiwamo cha mshtuko wa moyo. Hata majibu ya tezi ya shingo yanaweza kukudanganya. Mwambie daktari kuwa unaimeza kabla ya kutolewa damu.

Juisi ya kitunguu ina utafiti kweli, wa Baghdad wa mwaka 2002, ila ulihusu yale mabaka ya duara niliyoyataja juu, si upungufu wa kurithi. Mafuta ya rozimari yalilinganishwa na minoksidili ya asilimia 2 nchini Iran mwaka 2015, na hapakuonekana tofauti kubwa, lakini waliopimwa ni wanaume 100 tu kwa miezi sita. Ukipenda harufu yake paka, mradi usiache tiba kwa ajili yake. Mafuta ya nazi yanapunguza kukatika kwa unywele uliokwisha kuota. Tundu lililosinyaa hayaliamshi. Mchanganyiko usio na lebo, wa mtu anayetuma kwa basi, usiupake. Hujui kama ndani mna steroidi.

Kuishi nazo wakati unasubiri

Msusi wako ni mtu muhimu kuliko unavyomchukulia. Wengi huugundua upungufu kwa sauti yake, saluni imejaa: "Dada, mbona hapa juu pameisha?" Tafuta anayekubali kukusuka nyumbani au asubuhi kabla wateja hawajafika, umwambie mapema unachotaka: mistari minene, nywele bandia nyepesi, hakuna kuvuta mbele, na fumua kabla hazijawa nzito kwa uchafu. Dawa ya kulainisha iache, angalau utosini. Draya iwe ya vuguvugu.

Wigi ni suluhisho halali, na lisifichwe kama kosa. Chagua lenye mikanda ya kurekebisha, livuliwe usiku, lisigandishwe kwa gundi kwenye ukingo wa paji, maana hapo utaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Unga wa nyuzi za keratini wa rangi ya nywele zako, ukinyunyizwa kwenye njia, unaziba mwanya hadi uoshapo, na ni rahisi kwa siku ya harusi. Anayevaa hijabu asifunge nywele zikiwa mbichi, na kofia ya ndani isibane pale pale paji kila siku. Abadilishe mahali pa kifundo cha nywele pia.

Kunyoa nako ni chaguo kamili. Watanzania wengi wa kike waliosoma shule za serikali waliwahi kunyolewa wote darasani, kwa hiyo kama ni mmoja wao, umbo la kichwa chako unalijua tangu hapo. Nywele fupi za nusu sentimita hupunguza tofauti kati ya utosi na kisogo, zinarahisisha kupaka dawa, na hazivutwi na mtu. Kinyozi mzuri ni wa bei nafuu kuliko tiba yoyote niliyoitaja. Baadhi ya wanawake hufika hapa wakiwa wamechoka, wengine huanzia hapa kwa kupenda. Ukiona kwamba simanzi inakuzuia kutoka nyumbani au kulala na mumeo taa ikiwa imewashwa, zungumza na mshauri nasaha kama unavyomwendea daktari wa ngozi. Huo nao ni uchungu wa kweli, hata kama hakuna anayelala wodini kwa nywele.

Siku ukiamua kuacha dawa, iache kwa mpango. Minoksidili ya kupaka unaweza kuiacha mwenyewe; vidonge uachishwe na aliyekuandikia. Piga picha siku ya mwisho. Katika miezi mitatu hadi sita inayofuata, nywele zilizoshikiliwa na dawa zitadondoka na njia itarudi pale ambapo ingekuwa bila tiba. Dawa haikuharibu kichwa. Ilikuwa inashikilia tu, na sasa imeachia. Mwambie msusi au kinyozi mapema, ununue wigi au unga wa kufunika kabla ya mwezi wa tatu, na kama una harusi au safari kubwa mwaka huo, sogeza tarehe ya kuacha hadi ipite.